Vibamba Viwili vya Shaba

Jumatatu, Septemba 17, 1990

Daftari hili nimepewa na Mwalimu Mutiso wa fizikia. Aliniita baada ya kipindi, nikadhani nimekosea, kumbe alikuwa nalo mkononi, jipya kabisa. "Wewe Nzilani husemi darasani hata ukiungua," alisema. "Basi andika. Mtu wa sayansi huandika kila siku, hata siku ambayo hakuna kitu." Nilifurahi hadi nikasahau kusema asante.

Leo pia pawa saplai, mashine ya maabara ya kutoa umeme, imerudi kutoka kwa Fundi Yakub mjini Kitui. Shule nzima tunayo moja tu. Tuliachiwa na Wazungu wa mradi wa maji walipofunga kambi yao. Unaandika volti unazotaka kwa vitufe, hata unaipangia hatua, volti mbili kwa dakika moja, kisha tano, kisha tisa, nayo inafuata yenyewe bila kuguswa. Ilikuwa imeanza kupotoka ndipo ikapelekwa kurekebishwa vipimo. Imerudi na kadi ya kijani ubavuni: volti iliyoagizwa, volti iliyopatikana, kosa, sababu ya kosa, na majina ya watu wawili waliosoma. Jina la pili ni Esha, binti wa fundi, ambaye tunakaa naye dawati moja.

"Baba hakubali kipimo cha mtu mmoja," Esha aliniambia. "Anasoma yeye, mimi ananitoa nje. Halafu ananiita nisome bila kuambiwa yeye ameona nini. Tukitofautiana, tunaanza upya hata kama chakula kinapoa."

Mimi ndiye kiranja wa maabara. Ufunguo nauvaa shingoni.

Jumanne, Septemba 18

Jua. Hakuna kitu.

Alhamisi, Septemba 20

Kesho tunatembelewa na mgeni rasmi. Mwalimu mkuu, Bwana Ndolo, ametangaza kwenye paredi kwamba chochote cha shaba katika shule hii lazima king'ae: kengele, mabomba, vitasa. Maabara niliachiwa peke yangu. Nyuma ya pawa saplai nilikuta vibamba viwili vyembamba vya shaba, kila kimoja kimeunganisha skrubu mbili, vimekuwa vyeusi kama kucha za mkulima. Nilivifungua kwa kisu, nikavisugua kwa dawa ya shaba na jivu hadi nikaona meno yangu ndani yake. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia, nikavitia kwenye mkebe wangu wa jometri nivirudishe baadaye.

Ijumaa, Septemba 21

Mgeni rasmi hakuja. Tuliimba juani saa tatu nzima. Kalunde wa Kidato cha Kwanza alianguka akabebwa.

Jumatano, Septemba 26

Mwaitu, mama yangu, ametengeneza shamba la ndengu, sasa anaangalia mawingu. Mawingu yenyewe hayapo.

Jumanne, Oktoba 2

Matokeo ya mtihani wa majaribio yametoka na fizikia yetu imekuwa ya mwisho tarafa nzima. Nadhani Bwana Ndolo alimtukana Mwalimu Mutiso mbele ya wenzake, maana aliingia maabara macho yakiwa mekundu, na rula ya mita mkononi.

Alisema kuanzia leo hakuna kubahatisha. Mashine imepimwa na fundi, ina kadi, ikiandika tano ni tano. Mwanafunzi atakayesoma tofauti amesoma vibaya, na kila sehemu ya kumi ya volti ni kiboko kimoja.

Tuliunganisha waya. Kioo cha mashine kilisema tano kamili. Sindano ya mita yangu ya volti ikasimama kwenye tano nukta sita. Nilifunga jicho moja, nikainama, nikaangalia tena. Tano nukta sita. Niliandika hivyo. Esha aliandika hivyo. Karibu darasa zima tuliandika hivyo, isipokuwa Kilonzo, ambaye aliandika tano bila hata kuunganisha waya, akakaa akatuangalia.

Viboko sita kila mtu. Wavulana makalioni, wasichana viganjani. Alipofika kwa Esha, Mwalimu alisema, "Baba yako ndiye amepima. Wewe unampinga baba yako?" Akampiga kwa nguvu kuliko sisi wengine. Sikujua rula inaweza kulia hewani kabla ya kufika.

Naandika kwa shida, vidole vimevimba. Labda macho yangu ndiyo mabovu.

Ijumaa, Oktoba 5

Mwalimu Mutiso ameniazima kitabu cha maisha ya wanasayansi. Alinipa kwa upole kama zamani, akaniuliza viganja vimepona. Sijui nimweke wapi mtu huyu.

Jumanne, Oktoba 9

Leo niliandika tano nukta sifuri. Sindano ilisema tano nukta sita.

Waliosoma kweli walibaki wawili tu, Esha na Musembi. Musembi ni mwana wa Mzee Mutie mwenye lori la mchanga, mvulana mrefu anayepiga mluzi akifikiri. Walilambwa viboko sita kila mmoja. Esha alirudi kwenye dawati akaona daftari langu. "Uliona tano?" aliuliza. Nilifunga daftari. "Nimekuuliza, uliona tano?" Niliinama nikajifanya natafuta bikari kwenye mkebe wa jometri, nikavisogeza vile vibamba, nikasogeza kila kitu, hadi akaacha kuniangalia.

Alhamisi, Oktoba 11

Joto. Ng'ombe wa jirani amekufa. Mbwa wamepigania matumbo yake njiani na wanafunzi wakasimama kushangilia.

Jumanne, Oktoba 16

Leo lazima niandike yote.

Musembi aliinua mkono kabla hata rula haijachukuliwa. "Mwalimu, mita ziko tano. Zote tano zinasema tano nukta sita. Sasa zimekula njama?"

Darasa lilicheka. Nadhani kicheko ndicho kilichomponza. Mwalimu alimwita mbele.

"Unajua kuliko kadi?"

"Hapana, Mwalimu. Nasema sindano ilipo."

"Weka mkono mezani."

Aliuweka. Mwalimu hakumpiga kwa ubapa wa rula. Aliigeuza akapiga kwa ukingo, ule wenye bati. Mara ya kwanza. "Ni ngapi?" "Tano nukta sita." Mara ya pili. "Ni ngapi?" "Tano nukta sita, Mwalimu." Mara ya tatu nilisikia mlio kama kijiti kikavu cha kuwashia moto kikivunjwa, na kidole cha kati cha Musembi kikaelekea upande ambao vidole havielekei. Mfupa ulikuwa mweupe sana. Damu ilingoja kidogo, kisha ikaja kwa wingi, ikatiririka chini ya meza hadi kwenye viatu vya Mwalimu.

Mwalimu aliviangalia viatu. "Nani mwingine anajua kuliko kadi?" alisema, lakini sauti ilikuwa imekatika.

Esha alirarua shali yake akamfunga Musembi. Mimi nilishika ufunguo shingoni nikasimama pale pale.

Jumatano, Oktoba 17

Musembi yuko hospitali. Mzee Mutie alikuja shule na panga na akazuiliwa langoni. Bwana Ndolo amemwahidi mkutano wa wazazi Ijumaa ya wiki ijayo. Esha anasema baba yake alikuja asubuhi kuomba aipime mashine tena, na Mwalimu Mutiso akamjibu, "Wewe ulitia saini. Saini inaisha baada ya mwezi?"

Jumamosi, Oktoba 20

Sikukuu. Esha alinipeleka dukani kwao, nadhani ameanza kunisamehe. Duka liko nyuma ya msikiti, chumba kimoja, kuta zimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Kwenye kona kuna sanduku la mbao lililojaa pamba. Fundi Yakub aliinua kifuniko taratibu. Ndani mlikuwa na chupa ya kioo yenye miguu miwili, na zebaki inang'aa chini.

"Hii ni betri, lakini haiwashi kitu," alisema. "Inatoa volti moja nukta sifuri moja nane, miaka yote. Mita yangu inaiuliza hii. Mashine nazo zinaiuliza mita. Ukiitikisa inanuna siku tatu, haisemi kweli. Nilipata kwa mkubwa wangu nilipokuwa fundi mitambo Mombasa. Mimi husafiri nayo mapajani kama mtoto."

Mezani palikuwa na pawa saplai ya mtu mwingine, inafanana na yetu. Niliangalia nyuma yake. Vibamba viwili vya shaba, vyeusi.

Nikauliza ni vya nini. Nadhani hilo ndilo swali la kwanza nimewahi kumuuliza mtu mzima bila kulazimishwa.

"Hayo ndiyo masikio yake, mwanangu," alisema. "Kupitia hapo inasikia volti ngapi zimefika kwenye waya. Ukiviondoa inakuwa kama kiziwi, inadhani kazi haifiki, inasukuma zaidi. Na kwenye kioo itaendelea kusema tano, maana inachosikia ni tano." Aliiwasha, akaiunganisha na mita, akaiandikia tano, kisha akachukua bisibisi akalegeza kimoja. Sindano ikapanda yenyewe. Tano nukta tatu. Akatoa na cha pili. Tano nukta sita.

Esha alisema, "Baba! Ndiyo hiyo hiyo!"

Fundi aliweka bisibisi chini. "Mimi niliirudisha ikiwa navyo. Nakumbuka nilivikaza kwa mkono wangu." Kisha akaniangalia. "Wewe si ndiye una ufunguo? Hebu Jumatatu kaangalie kama vipo, uniambie."

Nilisema, "Ndiyo, Fundi." Mkebe wa jometri ulikuwa kwenye mfuko wangu, ukinigusa pajani.

Jumapili, Oktoba 21

Kanisani mhubiri alihubiri saa mbili. Sijui alisema nini.

Jumatatu, Oktoba 22

Niliingia maabara saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikavifunga. Skrubu moja ilianguka mara tatu. Vinang'aa zaidi kuliko skrubu zake. Esha aliponiuliza nikamwambia, "Vipo." Si uongo. Vilikuwa vipo wakati niliposema.

Jumanne, Oktoba 23

Nilidhani nimetengeneza, kumbe nimeharibu.

Leo sindano zote zilisimama kwenye tano. Esha alisoma tano nukta sifuri. Mwalimu Mutiso alichukua mita yake mwenyewe akapima. Akapima tena. Nilimwona akihesabu kichwani: kama leo ni tano bila mtu kufunzwa upya, basi wiki zile tatu zote ilikuwa nukta sita kweli, na kidole cha Musembi kilivunjwa kwa sababu kilisema kweli. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Nilisema moyoni, sasa atakiri, nami nitakiri.

Akaweka mita chini. "Mnaona?" alisema. "Jana mbovu, leo nzuri. Yule fundi ametoa kipuri kizuri akaweka cha takataka, kinakufa na kufufuka. Ametuuzia kadi ya uongo."

Esha alisimama. "Baba yangu si mwizi."

Alimpiga kofi lililomwangusha kwenye kiti. Alimpiga kwa mkono mtupu, rula hakuigusa.

Jumatano, Oktoba 24

Nilifika mlangoni pa ofisi ya walimu. Nikarudi.

Alhamisi, Oktoba 25

Nilifika tena. Ndani alikuwa anacheka na wenzake. Nikarudi. Nimeandika barua kwa Bwana Ndolo, nimeila. Kweli nimeila, kipande kwa kipande, nyuma ya choo.

Ijumaa, Oktoba 26

Wazazi walikuja kama mia mbili. Mzee Mutie aliinua mkono wa Musembi ili wote waone bandeji. "Nani amefanya hivi? Nataka jina, sitaki hotuba!"

Bwana Ndolo alimwangalia Mwalimu Mutiso. Mwalimu akasimama. Alizungumza vizuri, kwa upole ule ule wa kuazima vitabu. Alisema yeye pia amedanganywa, kwamba watoto wameumia kwa sababu mashine ilichezewa, na aliyeichezea ana duka nyuma ya msikiti.

Nilisema, "Si yeye." Mama mmoja mbele yangu aligeuka akasema, "Nyamaza, wazee wanaongea." Nikanyamaza.

Sijui ni nani alisema twende. Lori la Mzee Mutie lilikuwa langoni. Wazazi wakapanda, wavulana wakapanda, nami nikapanda nikiwa nimeshika shati la mtu nisiyemjua. Njia nzima walikuwa wanaimba. Wavulana walipunga vipande vya viti.

Fundi Yakub alitoka mlangoni na miwani usoni, bisibisi mkononi. "Karibuni, kuna nini?"

"Toka nje, mwizi wa vipuri!"

"Rudi kwenu pwani!"

"Pwani ipi? Nimezaliwa nyuma ya msikiti huu! Nileteeni mashine niipime hapa hapa, mbele yenu—"

Jiwe lilimpata mdomoni. Halafu sikuona mwanzo wala mwisho. Walimvuta kwa kanzu, wakamwangusha, wakampiga kwa miguu ya viti, kwa viatu, kwa redio zake mwenyewe. Kilonzo, yule wa kuandika tano bila waya, alikuwa anaruka juu ya mgongo wake kwa miguu yote miwili. Niliona mtu akitoka na lile sanduku la mbao, akalipiga ukutani. Kioo kikapasuka. Zebaki ilimwagika ikawa shanga nyingi za fedha, zikakimbia kwenye vumbi, zikaingia kwenye damu zikazunguka bila kulowa. Esha alijilaza juu ya baba yake, na fimbo hazikusimama. Zilimpiga yeye.

Nilipiga kelele, "Ni mimi! Mimi ndiye nilivitoa!" Nilipiga kelele mara nyingi. Sauti yangu sijaizoesha, haiendi mbali. Mtu alinisukuma nikagonga ukuta.

Kisha nikamwona Musembi amesimama pembeni na bandeji yake, hapigi, hazuii. Nilimshika shati nikamwambia usoni, yeye peke yake. Vibamba. Kung'arisha. Mkebe. Mwezi mzima.

Alinipiga kofi kwa mkono mzima. Nikaanguka. Alipoinua tena nilijua nitapigwa ya pili na sikujifunika. Lakini alishusha mkono, akaingia katikati ya watu, akashika fimbo ya baba yake hewani. Ilimpiga kwenye kile kidole. Alilia kilio ambacho hakukilia maabara, na Mzee Mutie akasikia sauti ya mwanawe akasimama, na aliposimama yeye, wengine nao wakasimama mmoja mmoja.

"Baba, si fundi," Musembi alisema. "Tumempiga bure."

Watu waliangalia vitu walivyoshika, wakaviweka chini. Lori lilirudi tupu, kila mtu alitembea kivyake.

Jumamosi, Oktoba 27

Nimemwambia mwaitu. Alikuwa anapepeta, hakuacha kupepeta. Alipomaliza akasema, "Jumatatu utasema mbele ya wote. Mimi nitasimama nyuma yako. Sitasema neno."

Jumatatu, Oktoba 29

Nimesema. Paredi nzima, wanafunzi mia tatu na kumi. Bwana Ndolo alinipiga kumi na mbili hapo hapo. Nilihesabu. Mwaitu alisimama nyuma na kitambaa chake kichwani, hakusema neno.

Mwalimu Mutiso alikuwa mstari wa walimu. Nilipomaliza nilimwangalia, nikangoja. Ilikuwa zamu yake. Alikuwa anafuta viatu vyake kwa nyasi.

Jumatano, Oktoba 31

Fundi yuko hospitali. Jicho la kulia limekwenda. Mbavu tatu. Esha ameshonwa kichwani. Tulipeleka maziwa, mwaitu akamkabidhi muuguzi, mimi nikabaki nje kwenye bustani. Sikuthubutu.

Jumamosi, Novemba 3

Mvua. Imenyesha mchana kutwa, barabara imekatika. Ndengu zimezama.

Jumanne, Novemba 6

Mwalimu Mutiso hakuja. Wanasema amehamishwa, kwenda Kyuso. Nilirudisha kitabu chake kwenye ofisi ya walimu nikakiweka juu ya meza yake tupu. Daftari nimebaki nalo. Nilitaka kulichoma.

Ijumaa, Novemba 9

Esha amerudi shuleni. Amekaa dawati la nyuma na msichana mwingine, Kavata.

Jumanne, Novemba 13

Wiki ijayo watahiniwa wanafanya mtihani wa vitendo na mashine ile ile. Bwana Ndolo alitafuta fundi mwingine, akakosa. Akatuma mtu kumwomba Fundi Yakub, na Fundi Yakub akakubali. Sielewi alikubalije.

Alikuja leo mvua ikinyesha, kitambaa kimefunika jicho, Esha amemshika mkono. Mapajani kwenye lori alikuwa na sanduku lenye pamba, la kuazima kutoka Nairobi. Lori lilikuwa la Mzee Mutie. Mzee mwenyewe alishuka akawashikia mlango wa maabara niliokuwa nimeufungua, akabaki nje kwenye mvua na kofia mkononi.

Fundi aliangalia nyuma ya mashine, akapapasa vile vibamba kwa kidole gumba. "Umeving'arisha vizuri," alisema. Sikujua kama ananitukana. Akaunganisha waya zake, akaomba mita, akaikaribia kwa jicho moja, akarudi nyuma.

"Siwezi kusoma sindano. Naziona mbili." Akanionyesha kiti. "Kaa hapa wewe. Esha, nenda nje."

Esha alitoka bila kuniangalia.

Fundi aliandika tano kwa vitufe. "Unaona ngapi?"

Niliinama, nikafunga jicho moja. Nilitamani sana iwe tano kamili. "Tano nukta sifuri mbili," nilisema.

"Una hakika?"

"Ndiyo, Fundi."

"Andika hiyo hiyo." Akanisukumia kadi mpya ya kijani. Kwenye sababu ya kosa la zamani alinitajia maneno, nami nikaandika: vibamba vya nyuma viliondolewa. Nikaongeza, na mimi, Nzilani, Septemba 20. Hakunizuia. Nikatia jina langu chini, nikaigeuza kadi uso chini.

Aliita. Esha aliingia, maji yanamtiririka kwenye nyuzi za kichwani. Nilisimama nikampisha. Aliinamia mita pale pale nilipokuwa nimeinama, akachukua muda mrefu. Tangu siku ile ya lori nilikuwa sijasikia sauti yake.

"Tano nukta sifuri mbili," alisema.

Fundi aligeuza kadi. Esha alisoma yote niliyoandika, hadi mwisho, akashika kalamu, akatia jina lake chini ya langu. Kisha akamshika baba yake mkono wakaenda kwenye lori.

Nimefunga maabara. Ufunguo nimempa Bwana Ndolo.